Labeka ya Rukia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nikipita uchochoro wetu wa zamani kule Mji Mkongwe hunirudia nzima nzima. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mjuzi wa kila kitu. Mdogo wangu Rukia alikuwa na minne, ndiyo kwanza ametoka Kizimkazi kwa bibi yetu, na huko chanjo ya surua ilikuwa imempita.

Tulikaa ghorofa ya pili. Nikitoka dukani husimama chini ya dirisha nikaita, "Rukia!" Naye juu hujibu, "Labeka, dada!" kisha kikapu kikashuka kwa kamba kupokea mikate. Ile labeka aliivuta kwa madaha mpaka majirani wakicheka.

Kwenye kula, lakini, alinitesa. Nami kwa uvivu wangu nikapata njia ya mkato: "Hutaki uji? Haya, nnakwenda kumwita daktari aje akuchome sindano!" Alimeza mbio mbio, nami nikajiona mlezi hodari.

Ndipo mama akanituma nimpeleke kuchanjwa. Rukia alipomwona muuguzi alinikaba shingo, akalia kwa sauti ya kupasua moyo, "Dada, nshakula! Nshakula uji wote!"

Muuguzi, mwanamke mtu mzima, akanitazama. "Huyu hakuzaliwa akiogopa sindano, binti. Khofu umemtia wewe. Kaa naye hapo umpoze, ntamchanja mwisho."

Jioni ile ilikuwa harusi ya shoga yangu, na kilio kile kilinitia haya mbele ya watu. Nikamrudisha nyumbani bila kuchanjwa, nikasema nitarudi kesho. Mama alipouliza, nikamjibu, "Nshampeleka, mama." Kesho ikazaa kesho nyingine, nami nikasahau.

Surua ikaingia mtaani. Rukia aliwaka homa, akajaa upele, kisha masikio yakatoka usaha. Alipona, alhamdulillahi. Lakini asubuhi moja nilisimama chini ya dirisha nikaita, nikaita tena, mpaka koo likanikauka. Kikapu hakikushuka. Nikapanda ngazi, nikamkuta amekaa palepale dirishani, amenipa mgongo, anachezea kamba; nikamwita kwa karibu, hakugeuka.

Ilipita miaka kabla sijamwambia mama ukweli. Akaniambia, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Hakulirudia neno hilo maisha yake yote, na hakuwa na haja.

Juzi, mwanangu, nilikusikia hapa Mpendae ukimwambia mwanao kuwa asipolala atachomwa sindano. Nilitaka kukukemea, machozi yakanitangulia. Acha maneno hayo. Sindano usiifanye fimbo ya kumtishia mtoto, maana siku utakapoihitaji itakimbiwa. Siku ya chanjo mwambie kweli: itauma kidogo, nami nitakuwa nawe. Mpakate, mbanishe kifuani, mwimbie. Akiwa mchanga mnyonyeshe. Akilia mwache alie, wala usimcheke. Kadi yake itunze, na tarehe ikikupita usione haya kurudi kuuliza, hata kama umechelewa sana. Kilio cha sindano hukauka kabla hamjafika nyumbani. Changu mimi hakijakauka.

Rukia sasa ni bibi wa watu, kichwa cheupe, na bado yupo ghorofa ileile. Ile kamba ameifunga kwenye mguu wa kiti chake, ncha yake ikaning'inia dirishani mpaka chini. Nikienda kumtazama huivuta, naye akihisi kiti kinatikisika hutoa kichwa dirishani, akacheka. Hana kinyongo nami, na hilo ndilo linalonimaliza. Lakini kabla sijavuta kamba, huita kwanza. "Rukia!" Najua hasikii. Naita tu, halafu nasubiri kidogo. Natamani ile labeka, mwanangu, kuliko ninavyoutamani ujana wangu.

Mungu akukuzie wanao, akulindie macho na masikio yao, na kila utakapowaita, wakuitikie. Amin.