Mama Mvushaji, Aliyewavusha Walionyimwa Daraja

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1951, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya vyuma, kwenye ukingo wa chini wa mto unaoukata mji mapande mawili. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali; baba hakumjua. Alibatizwa akiwa na siku tatu kwa sababu mkunga alisema hafiki ya nne. Alifika. Alipotimiza miaka kumi na minne alijifunza kuchomelea vyuma, akawa fundi ambaye chuma alichokiunga kikivunjika, basi huvunjika kwingine, si pale. Hakuolewa, hakujisifu, na utani wake uliwachekesha wajane hata matangani.

Wakuu wa mji walipojenga daraja, waliyajengea magari. Waenda kwa miguu walipigwa marufuku, na kivuko cha zamani kikatupwa matopeni kioze. Ng'ambo ya juu kulikuwa na hospitali na shule; ng'ambo ya chini walikaa waliowafulia na kuwafagilia wenye magari. Mwezi Juni 1989 mdogo wake wa tumbo moja, mshonaji, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mlinzi wa daraja alimzuia: "Sheria ni sheria, mama. Bila gari hupiti." Alifia pale langoni, na mtoto tumboni. Kwenye mazishi, mhubiri alisema ni mapenzi ya Mungu. Fundi akasimama katikati ya kanisa, akasema kwa sauti ya chini: "Baba, usimsingizie Mungu. Mungu hakuweka lango pale." Huo ndio ulikuwa wito wake. Sisi wa baraza la parokia tulimwambia akae.

Kesho yake alishuka matopeni na mashine yake ya kuchomelea. Kwa miezi mitano aliziba matundu ya kivuko, bamba kwa bamba. Watu wakaanza kuja: seremala na mabenchi, fundi magari na injini ya lori bovu, na kila mtaa ukajitwalia siku yake ya kuleta dizeli na mikono ya kuvuta kamba. Hakuna aliyeulizwa nauli, na watu wakaanza kumwita Mama Mvushaji. Kwa miaka saba hakuzama mtu. Wakuu walikifunga mara nne, wakidai kinaharibu mandhari ya mto; kana kwamba maskini akivuka, maji huchafuka.

Tarehe 21 Aprili 1997 mafuriko yalimega barabara ya kuingilia darajani, na wenye magari wakanaswa ng'ambo ya chini. Fundi magari, ambaye yu hai na anaapa mbele ya yeyote, alikuwa ameikagua injini asubuhi ile akaiona imekufa. Mama Mvushaji alifanya ishara ya msalaba, akaizungusha mara moja, ikawaka. Ilifanya kazi kwa saa kumi na moja mfululizo, na tangi lilikuwa na dizeli ya saa tatu. Miongoni mwa waliovushwa alikuwamo mkurugenzi wa mji aliyetia sahihi amri zote nne za kukifunga kivuko. Alisita kupanda.

"Ingia, mzee," Mama Mvushaji akamwambia. "Shika ukingo. Maji hayajui cheo."

Baada ya wiki mbili, viatu vyake havijakauka sawasawa, mkurugenzi huyohuyo alitia sahihi amri ya tano. Mama Mvushaji akawekwa rumande siku kumi na tisa, juu ya sakafu yenye maji, kwa kosa la kuendesha chombo bila kibali. Kibali alichokiomba mara sita. Alitoka akikohoa damu. Alifariki tarehe 2 Juni, akimwagiza fundi magari: "Kamba ya kushoto imechakaa. Msivushe mtu kabla hamjaibadili."

Siku ya maziko waombolezaji walivunja kufuli, wakabadili kamba, na kivuko hakijasimama tena. Leo wakuu wamebandika gatini jiwe la marumaru la kumsifu, na huja kupigia picha hapo. Wasidhani marumaru huosha mikono. Na sisi tuliomwambia akae tusijifiche nyuma ya sala: anayetaka kumwiga asianze na mshumaa. Zamu ya kwanza kivukoni huanza saa kumi na mbili asubuhi. Parokia yetu imepewa Jumanne. Jumanne iliyopita tulifika watu watatu.