Povu la Ndevu za Baba

Juzi mume wangu alirudi kutoka dukani hapa Kitengela na mkebe wa povu la kunyolea. Unabonyeza tu, povu linajaa mkononi. Nilicheka, kisha nikamkumbuka baba. Zamani, rafiki yangu, povu lilikuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa yangu.

Miaka ya tisini Kitengela ilikuwa nyumba chache na nyasi nyingi. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi. Ukifua, sabuni inakataa, unabaki na utando mweupe kwenye karai. Ndiyo maana mama alikuwa na sheria yake: maji ya mvua ya kwenye pipa ni ya chai na ndevu za baba, basi. Ngozi ya baba ilikuwa na kisirani. Akinyoa bila povu zuri, shingo yote inajaa vipele.

Asubuhi, chai ikinukia jikoni, aliniita. "Mama, leta povu." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Naloweka brashi kwenye maji ya moto, naikung'uta, kisha naizungusha polepole juu ya ile sabuni ya duara iliyokaa kikombeni. Maji naongeza kwa matone. Wenye haraka humwaga mengi, wakapata mapovu ya kufulia, yanapasuka kabla wembe haujafika kidevuni. Povu la kunyolea husimama. Ukiinua brashi, linabaki na ncha. Nilijivunia sana ile ncha.

Mwaka mmoja mvua ilikosa, pipa likakauka kabisa. Na hapo ndipo baba akaitwa Kajiado kwa mahojiano. Alikuwa karani wa muda tu. Wasipomwajiri, tungefunga mizigo turudi Kakamega. Mimi sikutaka kurudi popote. Shule yangu ilikuwa hapa, marafiki zangu hapa.

Asubuhi ya safari nilijaribu maji ya kisima. Povu likakatika. Baba akaniambia niongeze sabuni, likawa uji mzito usio na maana. Akanyoa hivyo hivyo, akajikata shavuni, akatupa wembe kwenye beseni. Nusu ya uso ilikuwa safi, nusu bado.

Wakati huo huo akaingia jirani yetu, nyanya Mmaasai aliyekuwa akituletea maziwa, tuliyemwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. "Takwenya, Koko," nikamsalimu. "Iko," akajibu, akamtazama baba, akacheka mpaka akaweka kibuyu chini.

"Hiyo maji ni chumvi, itakataa tu. Sisi tukinyoa vijana yetu, tunaweka maziwa."

"Niende kunuka maziwa mbele ya wakubwa?"

"Kwani hao wakubwa hawakunywa maziwa wakiwa watoto?"

Mama akapasha maziwa kidogo, nikayakoroga na sabuni kwa brashi. Povu halikusimama, lakini lilikuwa laini, na wembe ukateleza vizuri. Baba akapanda basi la Kajiado na kidevu safi. Siku nzima darasani niliomba Mungu tusihame.

Jioni alirudi akitabasamu. "Wamenichukua. Lakini wananipeleka upande wa Loitokitok, mbali huko chini ya mlima." Mama akasema watoto hawatatolewa shuleni. Baba akapanga chumba huko huko, Entarara, akawa anakuja mwisho wa mwezi.

Alipokuja mara ya kwanza, kidevu kilikuwa laini kabisa. Nikamuuliza nani anamtengenezea povu.

"Huko maji ni ya mlima, mama. Povu linakuja lenyewe." Alisema kwa furaha. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Leo Koko hayupo, na malisho yake yamejengwa maghorofa. Ile sabuni ya duara sijaiona madukani miaka mingi. Baba alistaafu, na siku hizi amefuga ndevu, nyeupe zote. Niliomba tusihame, na kweli hatukuhama. Sikujua kwamba baba angeweza kuhama peke yake.