Machozi ya Mbwa wa Uvira

Juma lililopita nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo hapa Kasongo, nimefuata dawa ya minyoo ya mbuzi wangu, alipoingia mnunuzi wa dhahabu kutoka Lusangi amekumbatia buldogi. Jicho moja la mbwa lilikuwa na utando mweupe. La pili lilichuruzika machozi.

Mganga wa mifugo wa pale dukani akaivuta kope kwa kidole gumba.

"Ona, kope imejikunja ndani. Nywele ziko zinakwaruza jicho kila mara inapopepesa. Iko inalia tangu lini?"

"Tangu tutoke Uvira, dokta. Mwaka muzima. Nilizani iko inakumbuka kwetu."

Mganga akaligeukia jicho lenye utando.

"Hii jicho ya kuume imekufa. Ile ingine, upanguse kila siku na kitambaa safi, na maji ya kuchemsha yenye kupoa. Lakini kope inaomba kupasuliwa, na hapa hakuna mutu wa kuipasua. Labda uirudishe Uvira."

"Kule hatuna tena mutu, dokta."

Akamfuta mbwa machozi kwa ncha ya shati lake, shati lenye vumbi la njia nzima. Mganga akamshika mkono kumzuia.

Mwaka mzima yule bwana aliamini ana mwenzake wa kulilia naye kwao Uvira. Mbwa, maskini, alikuwa anaumwa macho tu.