Kiti cha Yai

Kwaa, kwaa, kwaa. Mtu akiburuta kiti cha plastiki sakafuni, hata leo, mimi si mwenzenu tena. Nimesharudi kwenye lile genge la mawe nje ya Riyadh, nina miaka kumi na mmoja, na nimekasirika.

Sababu niwaambie. Nilizaliwa na pumu, na Bibi akanipa jina la Yai. Yai asikimbie, Yai asicheke sana, Yai apewe kiti. Kila tukitoka Malaz, mtaa wetu wa Riyadh, kwenda matembezini, kiti chekundu cha plastiki kilifungwa kwa kamba juu ya gari, changu peke yangu. Wenzangu wakicheza, mimi nimewekwa pale kama bibi harusi aliyesahauliwa.

Bibi akisema vuli, alikuwa na maana ya mvua za Unguja. Kwetu sisi vuli ilikuwa ile siku AC inapozimwa, nyumba nzima ikanyamaza, na watu wakaanza kutoka mjini kwenda milimani. Ijumaa moja baada ya sala tukaenda: Baba, mimi, rafiki yangu Zuwena wa ghorofa ya chini, na Kevo, mtoto wa nesi wa Kikenya, jirani yetu mlango kwa mlango.

Mlima wenyewe wa ajabu. Gari inafika juu kabisa, nchi tambarare, halafu ghafla imekatika kama mkate. Unaanza kwa kushuka. Kupanda kunakungoja ukishachoka.

Baba aliinama kwenye jiko la mkaa, mishikaki mkononi, akanyoosha kidole bondeni. "Mwisho wako lile jiwe jeupe. Hapo ugeuke. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia, Baba."

Kusikia nilisikia kweli.

Tulipolifikia, Zuwena akanitolea macho. "We Yai, jiwe hilo!"

"Nimeliona. Jeupe kweli." Nikapita.

Tulishuka mpaka chini, penye mgunga mmoja uliojipindia peke yake. Vumbi lilinukia jua. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa mlima, ukanirudishia joto lote la mchana, nikajiona mkubwa. Sikuwahi kuwa mbali hivyo na kile kiti.

Kurudi ndiko kulikonipata. Hatukufika hata nusu, kifua kikaanza kupiga mluzi. Dawa yangu ya kuvuta ilikaa mfukoni mwa Baba, kama kila kitu changu. Kevo akakwea mbio kwenda kumwita. Aliporudi, dawa anayo mkononi, na kiti kile chekundu kichwani.

"Baba yako amesema ukae hapo tu, usisonge. Anakuja kukubeba."

Nilivuta dawa. Nikasimama kimya mpaka mluzi ukapungua, pumzi ikarudi. Kukaa sikukaa. Nilikitazama kiti, nikakivaa mgongoni kama begi la skuli.

"Unakipeleka wapi?"

"Juu."

"Si nimekileta sasa hivi!"

"Na mimi nakirudisha."

Kevo akashika kichwa. "Zii! Huyu si yai, huyu ni jiwe."

Mara Baba huyu hapa, kanzu kaikunja kiunoni, anahema kunishinda. "Halas, mama, yatosha. Njoo nikubebe."

"Sitaki." Neno hilo sikuwahi kumwambia. "Nikianguka utaniokota. Sijaanguka."

Alinitazama mpaka nikaogopa. Kisha akajibana kwenye mwamba, akanipisha.

Hatua kumi, napumzika. Hatua kumi tena. Miguu ya kiti ikigonga mawe nyuma yangu: kwaa, kwaa.

Kwa miaka nilijisifu kwamba siku ile hakuna aliyenisaidia. Mwaka jana tukamfuata Zuwena Jeddah, kwenye harusi yake, na nilipoanza tena hadithi yangu akacheka mpaka hina ikataka kuharibika.

"Wewe ulikuwa huoni nyuma! Baba yako viganja viwili kavikinga chini ya kile kiti, njia nzima, kama mtu anayekinga maji ya mvua. Lakini hakukigusa, wallahi."

Nilikuwa nikidhani aliyejikaza siku ile ni mimi tu. Kumbe tulikuwa wawili, na wa nyuma ndiye aliyekuwa na kazi ngumu. Hata hivyo nilipanda mwenyewe. Anayebisha na aje, kiti bado ninacho.

Tulipofika juu, wenzangu walikimbilia mishikaki. Baba alibaki ukingoni ametugeuzia mgongo, mikono magotini, bado anahema. Nilikivua kiti, nikakifuta vumbi kwa ncha ya mtandio wangu, nikakiweka nyuma yake taratibu, kisha nikaenda kukaa chini.