Feni Moja, Karatasi Tatu

Soko la pamba lilipofunguliwa, kampuni za watu binafsi zilijaa Bariadi, na karibu kila moja ilikuja na kompyuta ya mtumba. Mimi nilikuwa na duka la steshenari. Nilichapa barua na kuuza vipuri. Kompyuta zile zilikufa kwa joto. Vumbi la kiangazi na nyuzi za pamba ziliziba feni za kuzipoza, mashine ikajizima katikati ya kazi.

Wateja waliniuliza wanunue feni ipi. Nikawa nazijaribu mwenyewe, naandika maoni yangu na kuyabandika ukutani. Mwanzoni karatasi ilikuwa moja kwa wote. Karani wa parokia alinunua feni niliyoisifu, akafurahi, maana haikuwa na kelele. Karani wa kiwanda cha kuchambua pamba alinunua hiyohiyo, akairudisha imeshindiliwa pamba kama mto.

Nikaandika upya, karatasi tatu: ya wenye ofisi tulivu, ya wanaokaa na pamba, ya wanaotegemea jenereta. Feni ileile niliisifu kwenye ya kwanza, nikaikataa kwenye ya pili.

Mfanyabiashara aliyeniletea feni kutoka Mwanza aliisoma ile ya pili akiwa amesimama, mikono nyuma. Akasema namharibia soko. Mteja hataki maelezo, anataka kuambiwa anunue. Nizibandue zote, nibakize sifa tu, la sivyo hataniletea tena mzigo.

“Dada, feni ni feni,” alisema.

“Parokiani ni feni, kaka. Kiwandani ni kizibo. Siandiki uongo kwenye ukuta wangu.”

Akanyoosha mkono aing'oe karatasi. Nikaingia kati yake na ukuta. Sikusogea. Mama mmoja wa Mwamapalala, aliyekuwa akisubiri fotokopi, aliniuliza kwa Kisukuma kama nahitaji msaada. Nikamjibu kwa Kisukuma kwamba mgeni wetu anaondoka.

Akaondoka kweli, na maboksi yake yote. Msimu ule sikuwa na feni hata moja ya kuuza. Majirani walisema nimejikata mkono mwenyewe, na pengine nilijikata. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika jinsi ya kusafisha feni kuukuu kwa brashi ya rangi. Watu waliingia, wakaisoma, wakatoka bila kununua kitu. Sikuibandua.