Jua Moja Sebuleni

Mkasa huu huwa siusimulii, lakini leo mmenibana, basi kaeni niwaambie jinsi nilivyomdanganya mama yangu mzazi kwa mwanga.

Vita vilipotufikia mjini kwetu Baraka, mama alivuka ziwa na wadogo zangu wawili wa kike, wakapata hifadhi kambini Tanzania, nami nikabaki kulinda nyumba (kulinda ni neno kubwa, maana wenye bunduki waliondoka na mabati, milango na hata fremu za madirisha huku mimi nimelala kifudifudi kwenye mihogo ya jirani). Nikahamia jikoni, uani, ambako paa la nyasi hawakulitaka. Nilikuwa na kompyuta ndogo, programu ya kuchora nyumba niliyojifundisha mwenyewe, na ukimya mwingi. Kila mama alipopiga simu aliuliza matengenezo yamefikia wapi, nami nikajibu yanaendelea, yanaendelea.

Ndipo nikaamua kumtengenezea picha ya sebule jinsi itakavyokuwa siku nikipata mabati, ili apate hamu ya kurudi. Nikajenga kuta, nikaweka meza, viti vinne na kabati la vyombo, lakini picha ikatoka na giza la pango. Programu inakuruhusu kuficha taa popote bila kuonekana, basi nikaficha moja darini, moja chini ya meza, moja nyuma ya kabati, mpaka zikawa nane, kisha nikaenda kujivuna kwa Shabani, mwenye kibanda cha kuchaji simu, kwa sababu kompyuta yangu iliishi kwa paneli zake za jua.

"Weye, kwenu kuko jua ngapi?" akacheka. "Iyi si nyumba, ni frigo, ile ya barafu, mutu alisahau kufunga. Angalia viti, haina kivuli, inaruka!"

Nilikasirika. Kesho yake nikakaa asubuhi nzima ndani ya ile sebule isiyo na paa, nikijaribu kukumbuka. Mwanga wetu ulitoka ziwani, kwa dirisha moja tu, ukapiga ukuta wa pili, na ukuta ule wa njano ukaurusha juu kidogo, umefifia, wenye rangi ya ndizi mbivu. Nyuma ya mlango palibaki giza. Hapo ndipo mama alipotulaza masasi ya bunduki yalipoanza kulia. Nikazima taa zote nane. Nikaacha jua moja la asubuhi, liko chini, na nyuma ya mlango nikalirudisha giza. Kompyuta ikaipika picha ile kutwa nzima, na ilipomaliza Shabani hakucheka. Aliuliza tu, "Ni nani anakaa mule?"

Hakukuwa na mtu mule.

Chini ya picha nilikuwa nimeandika "kazi ya kompyuta", lakini maandishi yaliuharibu ule mwanga, nikayafuta. Maneno matatu tu, jamani, na mengine yote yalitokea hapo.

Nikatuma. Siku ya nne sauti ya mama ikaingia kwenye simu, injini ya boti ikinguruma nyuma yake: "Mutoto wangu, niko ndani ya bato. Nyumba nimeiona! Chumba changu cha kambi nimeachia jirani, badada zako banabaki kwa batu kwa ajili ya masomo, batakuya wakati wa vakansi. Ukuye kunipokea."

Nilikimbia hadi mwaloni, boti zinakofikia, na viatu visivyofanana, nikakuta bamama wa kanisa wamenitangulia. Mama alikuwa amewatumia picha (wanakaa upande wa pili wa mji, mtaa wetu hawakuwa wameukanyaga tangu vita), nao wakaja na vitenge na vigelegele, na kiongozi wao, Mama Neema, alikuwa amekwisha jitwisha godoro la mama.

"Fundi mwenyewe njo huyu!" akapaza sauti. "Sebule kama ya gavana!"

"Mama, kuna jambo..." nikamnong'oneza mama yangu, aliyekuwa ameshashuka botini.

"Ngoja, banaimba," akanijibu.

Nikajaribu tena karibu na soko, wakaongeza sauti. Nikajaribu kwenye kona ya shule, na hapo walikuwa wamejiunga wauzaji wawili wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mwenye pikipiki aliyezima injini akaisukuma ili asikose (sijui asikose nini). Mwishowe nikatangulia mbele na, naona aibu hata kusema, nilikuwa nikiimba nao.

Kizingitini wimbo ulikufa vipande vipande: kwanza sauti za mbele, kisha za katikati, na walio nyuma kabisa waliendelea kumshukuru Mungu kwa nyumba mpaka nao wakaona mbingu ndani ya kuta zetu na majani yaliyofika magotini.

"Mabati iko wapi?" akauliza Mama Neema, godoro lingali kichwani.

"Lakini mwanga unaingia," akasema yule wa pikipiki. "Pale hakudanganya."

Kicheko kikaanza. Mimi nikajitia kueleza taa zilizofichwa, jua moja, jinsi ukuta unavyorusha mwanga, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoshika mbavu, mpaka mama akainua mkono, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Mama akaenda kusimama pale nyuma ya mlango, ambapo sasa hapakuwa na mlango wala giza.

"Niliona pale mu picha," akasema, "nikajua ni kwetu. Kwa nini haukusema ukweli?"

Uongo ulikuwa umeniishia. "Niko peke yangu hapa, mama."

"Ungesema vile tu, ningekuya. Hata kama nyumba haiko."

Tulikaa jikoni siku sita. Ya saba akarudi kwa wasichana, kulala katika kibanda cha watu, maana chumba chake kilikwisha pata mwenyewe.

Picha za nyumba bado natengeneza, na mwanga nauweka vizuri, hilo sitaacha. Lakini sitamtumia mtu sebule tena ilhali ninachotaka ni aje. Jumapili nikimpigia mama nasema kabla hata ya salamu kwamba leo niko peke yangu, naye, kwa kuwa wasichana hawezi kuwaacha tena, anabaki kwenye simu, nasikia anavyopumua, mpaka salio langu linakwisha.