Mtoto wa Shaba Nyumbani kwa Totaram

Totaram alikuwa na miaka sabini na miwili alipoanza kumwonea jirani wivu kwa sababu ya mtoto wa shaba, tena mtoto mwenyewe hazidi kiganja. Mnacheka? Chekeni tu. Kichochoro chetu kizima hapa Mathura kilicheka, na leo ukiwauliza waliocheka, wanatazama pembeni.

Mtoto huyo ni Gopal, yaani Krishna angali anatambaa, mkono mmoja chini, wa pili ameuinua na donge la siagi. Krishna ni Vishnu mwenyewe, mungu aliyeshuka duniani kwa sura nyingi, mara samaki, mara nguruwe mwitu, mara simba mtu anayepasua matumbo ya wafalme, lakini wanawake wa kwetu humpenda hapa, alipokuwa mdogo na mwizi wa siagi, anayehitaji kuogeshwa. Phoolwati, mkewe Totaram, aliletewa Gopal wake na mama yake kutoka Gokul katika mwaka wa kumi na moja wa ndoa, wakati hata wenye midomo mirefu walikuwa wamechoka kumuuliza habari za kuzaa. Tangu siku hiyo mwanamke yule akawa na mwana. Alimwamsha alfajiri kwa kengele ndogo, akamwogesha maji ya uvuguvugu, akampaka sandali, akamvika. Kipindi cha joto pamba nyepesi, kipindi cha baridi sweta na kofia alizofuma mwenyewe. Alimlisha mara nne kwa siku, akamlaza mchana, akamlaza tena jioni na blanketi la ukubwa wa leso. Kwa miaka thelathini na tisa hakuna harusi aliyokwenda bila kikapu mkononi, Gopal ndani, shali mpaka kidevuni.

Totaram alikuwa mtu wa reli. Miaka thelathini na sita alikaa peke yake katika kibanda cha ishara nje ya stesheni, akivuta vyuma kuzipisha treni, na kazi ya namna ile humfanya mtu asahau kuongea. Akirudi nyumbani anakuta chakula hakina chumvi, au chumvi imezidi, maana chakula cha Gopal hakionjwi na mpishi. Ale yeye kwanza, ndipo binadamu wapate.

"Miaka yote hii," alikuwa akinung'unika, "nakula makombo ya shaba."

"Basi shukuru," Phoolwati humjibu, "wengine hawapati hata makombo." Kisha anamwongezea samli.

Januari ile ya ukungu mzito, Phoolwati alibanwa na kifua asubuhi, na alasiri akafa hospitalini. Totaram alinyoa kichwa, akawasha moto wa kuuchoma mwili wa mkewe kwa mkono wake mwenyewe kando ya mto Yamuna, akarudi nyumbani akakaa kitako uani. Hakutoa chozi. Siku nzima alikuwa akiwauliza watu kama wamekunywa chai. Wapo waliosema mzee ana moyo mgumu, na wapo waliosema afadhali, atalala vizuri. Midomo ya watu!

Nyumba yenye msiba kwetu haimgusi mungu kwa siku kumi na tatu. Kwa hiyo Angoori, jirani wa mlango wa pili, mjane, shoga wa Phoolwati tangu wote wawili ni maharusi, alikuja na kikapu akamchukua Gopal pamoja na kitanda chake, sweta zake na vyombo vyake. Totaram hakuinua hata uso.

Siku ya kumi na nne wageni waliondoka, mikeka ikarudishwa kwa wenyewe, nyumba ikabaki. Ndipo mambo yalipoanza. Totaram alizinduka alfajiri, saa ileile ya kengele, na kengele haikulia. Akangoja. Alikuwa mtu wa ratiba. Treni ikichelewa alijua kuna jambo. Akaendelea kungoja chini ya blanketi mpaka kukapambazuka kabisa, masikio yamesimama.

Muuza maziwa, Birju, akagonga mlango. "Baba, leo nikupimie kiasi gani?"

Totaram alisimama na sufuria mkononi. Hakuwahi kupima maziwa maishani mwake. "Kama kawaida," akasema.

"Kawaida ni lita moja na nusu, baba. Utayanywa na nani?"

"Wewe mimina, usinichunguze!"

Birju akamimina. Maziwa yalichemka, yakapoa, yakaganda utando juu, na jioni akampa paka.

Alivumilia siku tano. Alikwenda sokoni akarudi, akasimama kizingitini na kifurushi cha biringanya, akatambua kwamba hakuna hata kitu kimoja ndani ya nyumba ile kinachojali kama amerudi ama la. Upweke wa kibandani aliujua, ule ulikuwa na mshahara na mwisho wa zamu. Huu haukuwa na zamu. Siku ya sita alivaa koti lake la reli, akaenda kwa Angoori.

"Shemeji, nimekuja kumchukua."

"Kumchukua nani?"

"Unamjua."

"Ala! Yule shaba?" Angoori alikuwa anamenya njegere, hakuacha. "Yule aliyekulisha makombo?"

"Siku kumi na tatu zimekwisha. Kwao ni kule."

"Kwao ni kwa anayemtumikia. Gopal aliyezoea kulelewa hawekwi rafuni kama saa mbovu. Mama yake hayupo, basi ama anakaa na mwanamke anayemjua, ama anapelekwa hekaluni. Wewe umwogeshe? Wewe usiyejua hata sabuni yako inakaa wapi?"

"Nitajifunza."

"Kwa umri huo?"

"Shemeji," Totaram akasema, na sauti ilimtoka vibaya, "nyumba ile inanimaliza."

Angoori aliacha njegere. Alimtazama kwa muda, kichwa kile kilichoanza kuota mvi fupifupi, koti lile lililokosa kifungo. "Siku tatu," akasema. "Nitakuja kila siku kabla ya adhuhuri. Nikikuta mtoto anateseka, nambeba, na usinifuate mlangoni kwangu kunililia. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alimbeba Gopal nyumbani ndani ya koti, mkono umemshikilia kifuani, akitembea kandokando ya ukuta kama mtu mwenye bakuli la maji ya moto.

Siku ya kwanza alipima joto la maji kwa kiwiko, alivyowahi kuona mtu akifanya, akamwogesha, akamkausha katikati ya vidole. Angoori alipoingia alishika kiuno.

"Mbona sweta umemvika mbele nyuma? Umemfanya mlevi wa sikukuu ya rangi!"

"Shimo la kichwa ni lilelile."

"Shimo! Msikie! Mvue, atapata kikohozi."

Siku ya pili alipika wali wa choroko. Aliukoroga vizuri, akatia samli, na mkono wake, bila kumuuliza ruhusa, ukachota kidogo ukapeleka mdomoni kupima chumvi. Ni hapo hasa Angoori alipoingiza mguu ndani.

"Umeonja!"

"Kidogo tu."

"Umeonja! Ee Mungu wangu, anataka kumlisha mate yake! Miaka thelathini na tisa mwenzako hakulamba hata kijiko, wewe siku mbili tu umeshaweka ulimi mbele ya mungu!"

"Sasa nitajuaje kama chumvi imetosha?"

"Hujui! Ndiyo maana yake! Unapika hujui, unampa hujui!"

Chungu kizima kilikwenda kwa ng'ombe wa kichochoroni, ambao hawakulalamikia chumvi. Totaram akasugua chungu, akaanza upya. Alipokuwa akimimina choroko alimfikiria Phoolwati jikoni, akipika bila kujua, mwaka baada ya mwaka, kisha akipokea nongwa ya mumewe kuhusu kitu ambacho ulimi wake haukuruhusiwa kukigusa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Hakukuwa na wa kumwomba radhi.

Siku ya tatu aliamka mapema kuliko kengele. Alifanya kila kitu sawasawa. Sweta mbele mbele. Wali haukuonjwa. Jani la tulasi, ule mrehani mtakatifu, alilichuma uani akaliweka juu ya sahani, maana bila jani hilo Gopal hali. Lakini kilemba, kile chekundu chenye unyoya wa tausi, hakikukubali kukaa. Alikifunga, kikaanguka. Akakifunga tena kwa uzi, kikateleza mpaka puani. Mara ya nne alikaa chini, jasho likimtoka katika baridi ile, akijua maana yake, kama ajuavyo kila mwanamke wa Mathura. Mtoto hana raha.

Angoori alikuja na kikapu. Totaram alikiona kabla hajamwona mwenye nacho.

"Usimchukue," alisema haraka. "Shemeji, nakuomba. Kilemba nitakishona. Nitafanya lolote. Asubuhi nilimwambia naenda kuchota maji, nikarudi nikamwambia nimerudi. Unajua ni lini mara ya mwisho mimi nilimwambia mtu nimerudi? Ukimchukua huyu, mimi sina wa kumwambia."

Angoori aliketi juu ya kigoda, kikapu mapajani. Hakuwa tena na sura ya kugomba. "Hata kwangu kilikuwa kinaanguka," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilikuficha."

"Kwako pia? Kwa nini?"

"Pazia la chakula unalivuta?"

"Navuta." Mungu mtoto akila huvutiwa pazia asionwe na jicho baya, na aliyemlisha hukaa nje akimpa mgongo mpaka amalize.

"Na ukikaa pale unafanya nini?"

"Nasali. Kama yeye alivyokuwa akisali."

Angoori akacheka kidogo, machozi yamemlenga. "Kusali! Shemeji, Phoolwati alikuwa anapiga soga. Kila adhuhuri. Mimi nilimsikia kupitia ukuta miaka yote. Alimhadithia habari zako. 'Leo baba yako treni zimemchosha.' 'Leo baba yako amesema biringanya ni tamu, maneno matatu, hebu fikiri.' Siku usiposema neno, anamwambia, 'Baba yako ana mawazo, tusimsumbue.'"

Totaram alikishika kile kilemba chekundu, akakikunja viganjani.

"Na siku ile ya kifua," Angoori akaendelea, "wewe uko mlangoni na riksho, yeye amemwinamia. Unakumbuka ulivyokuwa unapiga kelele?"

Alikumbuka. Alikuwa amesema, kichochoro kizima kikisikia: Phoolwati, acha hilo shaba, utakufa ukilibembeleza! Alikuwa na hofu, basi. Hofu kwake ilitoka kama hasira siku zote. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kila akifumba macho anayasikia maneno hayo.

"Alikuwa anamuaga, kama tunavyoaga wote wenye Gopal tukitoka," Angoori akasema. "Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Alimwambia, 'Mama anaenda hospitali. Saa kumi na mbili nitakuwa hapa. Usilie.' Basi. Hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo. Karibu mwezi sasa mtoto anangoja saa kumi na mbili."

"Na wewe hukumwambia?"

"Mimi ni jirani. Habari kama hiyo mtoto huambiwa na baba yake." Alisimama, kikapu kitupu kwenye kiwiko. "Sasa hivi simbebi. Lakini nitarudi alasiri, na kama hujamwambia nitambeba, maana mtoto hawezi kukaa na mtu anayemficha. Iwe ni kwa kiburi, iwe ni kwa woga, kwake ni kilekile."

Alitoka. Adhuhuri ikaingia. Totaram aliweka sahani mbele ya Gopal, akapiga kengele, akavuta pazia, akaketi akiwa amelipa mgongo. Sakafu ilikuwa baridi. Alikohoa.

"Wali ni wa choroko," alisema. Sauti yake ilimshangaza. "Chumvi sijui."

Akalivuta koti mpaka shingoni.

"Ukungu bado upo. Treni ya Delhi nasikia imechelewa saa nne." Alisugua magoti. "Birju anauliza maziwa kiasi gani. Nimemwambia kama kawaida."

Ghafla aligundua kwamba tangu ile alasiri hospitalini, alipowaambia watu wote mambo yote, nani alete kuni, nani aite kinyozi, neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Watu walikuja tayari wanajua. Hakuna aliyemdai neno hilo.

"Gopal," akasema. "Mama yako amekufa."

Na mara neno lilipotoka, lilitoka na vyote. Mzee wa watu alilia kwa sauti, ile sauti mbaya ya mwanamume asiyejua kulia, mikono kichwani, mabega yakigonga ukuta. Alilia wali ukapoa. Alilia mpaka akabaki na kwikwi tu, na hata hizo zilipopungua hakugeuka kutazama pazia, kwa sababu mtoto alikuwa bado anakula.

"Alikwambia saa kumi na mbili," alisema, akijifuta uso kwa mkono wa koti. "Hakukudanganya, mwanangu. Mwenyewe alidhani atarudi."